Njaa ya Kuuza Magodoro

Jumatatu, 3 Juni
Nimeipata siri ya kuuza! Dada yangu muuguzi kanieleza: tumbo, moyo, damu, vyote vinapeleka taarifa kwenye ubongo saa zote. Mwili ukipungukiwa, ubongo unakusukuma uhangaike. Aliendelea na habari za kuhangaikia kile hasa kilichopungua, lakini nilishavaa viatu. Jumamosi bosi anachagua mkuu wa duka letu la magodoro. Ni mimi au Kinanda, muuzaji mwenzangu, tuliyempa jina hilo kwa sauti yake tamu. Kesho sili kitu!

Jumanne, 4 Juni
Mke wangu kauliza chai imemkosea nini baba watoto. Nikamwambia ni mkakati. Saa nne tumbo likaanza kunguruma. Safi sana! Akaingia bibi harusi mtarajiwa, anataka godoro laini. Nikamsifia moja kwamba limeumuka vizuri na kuiva pande zote. Akauliza kama hapa jirani pana mgahawa. Nikampeleka mwenyewe, mbio mbio. Alikula haraka akarudi dukani, akanunua kwa Kinanda. Mimi nilikuwa kwenye sahani ya pili.

Jumatano, 5 Juni
Njaa basi. Dawa ni usingizi! Muuza magodoro akiwa na hamu ya kulala, maneno yatamtoka moyoni. Leo sifumbi jicho.

Alhamisi, 6 Juni
Kaja mwenye nyumba ya wageni. Anataka magodoro thelathini. Thelathini! Moyo ukanienda mbio. Nikaketi pembeni ya godoro kumwonyesha uimara wake. Nakumbuka hadi neno “springi”. Nilipoamka nilikuwa nimefunikwa shuka. Naambiwa Kinanda alimnong'oneza mteja ajionee mwenyewe: mtu mzima, mchana kweupe, na kelele zote hizi. Mteja kachukua yote thelathini. Mauzo kaandikiwa Kinanda. Mwizi! Aliyekoroma ni mimi!

Jumamosi, 8 Juni
Kinanda ndiye mkuu. Nusura nilie mbele za watu. Dada kaja kunipa pole. Anasema mwili wangu haukunidanganya hata kidogo: uliomba chakula nikala, uliomba usingizi nikalala, kuuza haukuomba. Maskini, hajui biashara. Kosa nimeshaliona: nilitumia kimoja kimoja. Jumatatu naingia na njaa, na usingizi, na lita tatu za maji tumboni. Ufunguo wa choo nimempa Kinanda, nimemwambia asinipe hata nikimpigia magoti.