Diski Moja Kuukuu, Kompyuta Kumi

Jumatatu, 4 Machi 2002. Lahore.
Siku njema kuliko zote tangu nifungue kibanda kwenye jengo la maduka Barabara ya Hall, na nilikifungua kwa jasho langu, si kwa urithi wa baba kama wengine ninaowajua. Nimepata boksi arobaini za mfumo mpya wa kompyuta kwa theluthi ya bei! Muuzaji anahamia Karachi, ana haraka. Ni diski za kupandishia, si kamili. Tofauti? Herufi nyekundu ndogo pembeni mwa boksi, basi. Diski kamili inaingia kwenye kompyuta tupu bila maswali. Ya kupandishia inataka kwanza ioneshwe diski ya mfumo wa zamani, kama mama mkwe anayetaka kujua ukoo. Ikishaitazama dakika moja, inaendelea. Na ya zamani ninayo. Moja. Moja kwa arobaini! Hesabu tamu.

Sarfaraz wa kibanda cha mbele, muuza diski kamili, kacheka mpaka chai ikamtoka puani. Ati, "Kaka Ghazanfar, unauza ghorofa ya pili kwa mtu asiye na ya kwanza." Wivu.

Jumanne, 5 Machi
Nimemshinda Sarfaraz! Madam Shagufta, mwenye shule nne za wasichana, amenipa kazi ya kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta kumi za shule yake ya kwanza, maana bei yangu ilimfanya avue miwani. Jumamosi mgeni rasmi anakata utepe. Zikiwaka, shule tatu zilizobaki ni zangu. Zisipowaka, amesema Madam kwa upole wa kutisha, nisipite hata mtaa ule.

Jumatano, 6 Machi
Kompyuta zote zilikuwa na mfumo wa zamani tayari. Mjinga angeweka diski yangu juu yake akamaliza. Lakini kupandisha hivyo ni saa mbili kila moja. Kufuta na kuanza upya, dakika hamsini. Na kufuta nakuita "usafishaji", malipo yake mbali. Nimefuta zote kumi. Hazijui hata majina yao. Kisha nikarudi nyumbani kuchukua diski kuukuu, niliyoificha kwenye sanduku la shali za mke wangu Tasnim ili wapelelezi wa Sarfaraz wasiione.

Haipo!

Tasnim kasema, tena akitarajia shukrani, kwamba kaka yake, Boota, alipita. Kanunua bajaji, akataka kitu cha kung'aa nyuma cha kufukuza jicho baya. Basi akampa ile. "Mpya sikugusa hata moja," ameapa. "Nimetoa ile yenye mikwaruzo tu, ambayo haina kazi."

Alhamisi, 7 Machi
Kumtafuta Boota mji mzima. Kumbe nusu ya bajaji za Lahore zina diski nyuma! Nimekimbiza kumi na saba. Dereva mmoja kaniuliza kama nataka kupanda au nataka kumchumbia dada yake.

Jioni nikampata Boota stesheni. Diski inaning'inia kwenye kitambaa cheusi, kando ya kiatu cha mtoto. Nzima! Nikaigeuza. Mchoraji wa bajaji ameandika kwa rangi ya mafuta, pande zote mbili: HASIDI USO MWEUSI, yaani mwenye wivu na aaibike. Boota kavimba kifua: "Shemeji, umeona kazi hiyo? Mbele na nyuma, hasidi hana pa kujificha!" Nikasugua kwa mafuta ya taa. Rangi imetoka. Na ule mng'ao nao umetoka. Nimemwona Boota akinipungia mkono kupitia kwenye diski, kama dirishani.

Ijumaa, 8 Machi
Baada ya sala nimekwenda kwa Sarfaraz. Hapa jengoni ni yeye tu aliyebaki na diski ya zamani. Nikamwomba aniazime, nikasema inatakiwa na mteja. Akaniagizia chai. Akaagiza na mashahidi, vibanda vyote vya ghorofa yetu. Akaniomba nirudie kwa sauti yale aliyosema Jumatatu. Nikarudia. Wakapiga makofi. Kisha akasema diski yake haitoki mkononi mwake, kwa hiyo atakuja nayo shuleni mwenyewe. Kumbe ana roho nzuri.

Jumamosi, 9 Machi
Zimewaka zote kumi, na mgeni rasmi bado yuko njiani! Lakini.

Kila kompyuta ilifika mahali ikagoma, ikadai diski ya zamani. Kila mara Sarfaraz, ndani ya koti lake la harusi, aliinuka, akaitumbukiza, akasubiri, akaitoa, akaifuta kwa leso ya hariri. Kwenye ya saba Madam akauliza mbona mashine zote zinamsubiri bwana huyu. Sarfaraz akainama kidogo: "Dada, fundi ni kaka yangu huyu. Mimi nimeleta tu kile kitu ambacho bila hicho haziwaki."

Shule tatu zimekwenda kwake. Mimi nimepewa kipande cha keki. Cha pembeni.

Jumatatu, 11 Machi
Nimelifikiria jambo hili kwa kina. Kosa si langu. Kosa ni uchache! Diski moja ya zamani haimtoshi mfanyabiashara wa kiwango changu. Leo yule muuzaji anayehamia Karachi, ambaye bado hajahama, kaniuzia boksi sitini za mfumo wa zamani. Sitini! Hazijafunguliwa! Sasa ya kwanza ninayo, ya pili ninayo, na Sarfaraz atakuja kwangu na chai yake mkononi.

Tasnim kainua boksi moja, kauliza mbona nayo ina herufi nyekundu ndogo pembeni, kama zile arobaini. Nimemwambia asinitie mkosi, azipange zote kwenye sanduku la shali. Afanye haraka, maana Boota anakuja kunywa chai. Ati kanunua bajaji ya pili.