Kituo Mbele ya Kiwanja 1431

Jumanne, 11 Novemba

Tumefika Florida. Kiwanja 1431, chini ya misonobari, mbali na kila kitu. Kambi hii ya magari ya kulala ni kubwa kuliko mji niliozaliwa kule Minnesota. Kwenda bustani ya michezo lazima upande basi la kambi, na kituo kiko dakika kumi kwa miguu. Miguu mizima. Mke wangu Lorene alibadilishwa goti kwa upasuaji Septemba.

Vigari vya gofu vimekodiwa vyote. Watu huweka nafasi mwaka mzima kabla! Nilimwambia Lorene nimeweka tangu Februari. Sikuweka. Leo nimemwambia kigari chetu kinachajiwa.

Jumamosi saa nne asubuhi mjukuu wetu Brynn anapiga tarumbeta kwenye gwaride la bustani, yeye na bendi ya shule yake. Lorene amefanya mazoezi ya goti wiki nane kwa ajili ya asubuhi hiyo moja. Akiikosa, nimekwisha.

Jirani yetu ni Buck Tolliver, wa Tennessee. Ana kigari. Amekipamba kama mamba, meno na taa na mkia. Akasema Jumamosi atambeba mama hadi kituoni, hana neno. Nikamwambia asante, tuna chetu.

Jumatano, 12 Novemba

Tumejaribu kwenda kituoni. Dakika kumi zikawa arobaini. Lorene alipumzika kwenye meza za watu watatu asiowajua. Wa tatu alimpa kahawa na kunitazama mimi vibaya. Goti limevimba. Akauliza kigari kinachajiwa mpaka lini. Nikasema betri yake ni kubwa.

Nikaenda mapokezi. Odalys wa pale akasema orodha ya kusubiri ina watu arobaini na watatu, na hata nikilia, Bwana Merle wangu, watabaki arobaini na watatu.

Halafu nikapata wazo. Kituo cha basi ni nini? Nguzo! Ile ya kweli imeshikwa na saruji (nimeitikisa). Lakini nyuma ya jengo la kufulia, vichakani, nimekuta nyingine imelala. Ya zamani, ina kutu, namba 19 inaonekana kwa shida. Imelowa chapachapa, na mvua haijanyesha wiki nzima. Nimeikokota mpaka kwetu na kuisimika mbele ya kiwanja. Dereva ni binadamu. Akiona nguzo, atasimama.

Alhamisi, 13 Novemba

Ukungu mzito. Nimetoka na kahawa yangu, watu wawili tayari wako kwenye nguzo! Mwanamke wa kofia ya majani makavu, na mwanamume ameshika kisanduku cha barafu cha bati, cha aina aliyokuwa nayo baba yangu. Nikawasalimu. Nikadhani ni wa Wisconsin, wale jirani zetu wasioitikia salamu.

Basi la kambi likapita bila kusimama. Dereva alinipungia mkono, mjinga yule. Ndipo likaja jingine, la kahawia, halina mlio kabisa. Likasimama! Wale wawili wakapanda, mlango ukafungwa kabla sijaweka kikombe chini.

Lorene anasema hakuona basi wala watu. Ni dawa za maumivu. Mpango unakwenda vizuri.

Ijumaa, 14 Novemba

Leo ni kumi na mmoja. Wamejipanga mstari bila kuambiwa. Suruali na magauni yao yamelowa mpaka magotini, na nyasi ni kavu. Lorene naye amewaona leo. Akafunga pazia.

Mbwa wa Buck amekataa kushuka kwenye mamba. Buck akanisogelea, akauliza kwa sauti ya chini: hivi jirani, hawa wageni wako wanatazama nini? Nikaangalia. Wote walikuwa wanatazama dirisha la Lorene. Shingo yangu ilipata baridi, nakiri. Kisha nikajiambia wanastaajabia pazia, ni zuri.

Saa sita mchana akaja Odalys. Alipoiona nguzo alifanya ishara ya msalaba. Akasema basi la namba 19 halipo tena, lilizama ziwani siku ya kimbunga, mama yake akiwa msichana. Liliingia kwenye mafuriko kuwatoa watu. Halikutoka. "Bwana Merle, nakuomba kama mwanao. Irudishe ulikoitoa, leo, jua likiwa bado juu." Nikaahidi. Alipoondoka nikaificha chini ya gari letu. Hawa wa mapokezi hawapendi mgeni mwenye akili.

Buck karudia tena habari ya kumbeba mama. Lorene akasema kwani tukikubali tutapungukiwa nini? Nikamwambia kesho basi litamchukua mlangoni, na mpango ni wa mumewe.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimesimika nguzo saa kumi na mbili asubuhi. Kufika saa tatu mstari umefika hadi mabafuni. Basi la kahawia likaja. Nikamshika Lorene mkono, tukawapita wote: samahani, goti, samahani. Hakuna aliyenung'unika! Walitupisha kama watu waliokuwa wakimsubiri Lorene.

Ngazi za basi zilikuwa zinachuruzika maji. Yule wa kofia ya majani akanyoosha mkono kutoka ndani. Lorene akaushika, na akapiga ukelele ambao sijausikia miaka arobaini na moja ya ndoa. "Merle, huyu hana joto! Hana joto hata chembe!"

Buck akafika na mamba wake mbio, akamvuta, akamkalisha. Lorene akaniita nipande nyuma. Analia. Akasema anajua hakuna kigari, amejua tangu Jumanne, hajali, nipande tu, mume wangu, panda. Aliniita mara mbili.

Mimi? Nikae kwenye mkia wa mamba wa Buck Tolliver, mbele ya kambi nzima? Nikasema tutaona nani atafika kwanza. Nikapanda basi. Kiti cha mbele kabisa, kitupu.

Bado Jumamosi

Naandika humu ndani, daftari lilikuwa mfukoni. Tumepita pembeni ya gwaride. Nilisikia ngoma. Nikamwona Brynn, mashavu yamejaa, anapiga tarumbeta kama aliyezaliwa nayo. Lorene alikuwa kwenye kiti karibu na kamba ya kuzuia watazamaji. Hakuwa anamtazama Brynn. Alikuwa anatazama barabara, ananitafuta.

Niligonga kioo. Nilitaka kushuka, nilitaka sana kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nikavuta kengele. Dereva hakugeuka. Lorene alitazama moja kwa moja nilipo, asinione, akajifunga sweta vizuri. Kisha maji ya kijani yakapanda kwenye vioo, polepole, mpaka juu.

Jumapili, nadhani

Hakuna anayezungumza. Basi linazunguka. Nimepata muda wa kufikiri juu ya mambo yote haya, na nimeona kosa liko wapi: ni la Buck. Asingekuja na mamba wake, Lorene angekuwa hapa kando yangu.

Punde hivi dereva amesimamisha basi. Akainuka, akavua kofia, akauliza kama yupo mtu anayejua kuendesha. Abiria wote wakainamisha macho, wakatazama viatu vyao. Watu gani hawa! Nafasi kama hii! Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza. Mwenye usukani ndiye anayeamua njia, na mimi nitakwenda moja kwa moja kwa Lorene.

Dereva alinivalisha kofia kwa mikono yake mwenyewe, akashuka akipiga mluzi, hakugeuka nyuma hata mara moja. Kofia imenitosha. Breki bado naitafuta.