Kilo Sitini na Moja za Ushahidi

Shule ilitangaza, kwa bango la rangi tatu, kwamba suala la mishahara ya watumishi wa mazingira lingemalizwa kisayansi ifikapo saa nne asubuhi.

Watumishi wenyewe walikuwa wawili. Mama Mboji alikusanya na kutenganisha taka za madarasa kumi na nane, akageuza mboji, akamwagilia miche. Afisa Uendelevu aliandika kwamba hayo yamefanyika. Kuandika kunachosha, kwa hiyo alilipwa mara tatu ya mwenzake. Mama Mboji alishaandika barua mbili kuomba walipwe sawa.

"Kamati itapima ushahidi wa kazi," Mwenyekiti alisoma. "Mwenye uzito mkubwa atashika ngazi ya juu ya mshahara, mwingine ya chini. Tumeshasaini."

Mama Mboji akageuka kuitazama bustani. Ushahidi wake wote ulikuwa chini ya miche, umeshageuka udongo.

Afisa akaja na mkokoteni wa mafaili. Shule ilikuwa na mizani moja tu, ile ya taka, basi yakapandishwa hapo: ripoti za miaka sita, mihtasari ya vikao, hata barua yake ya ajira. Kilo sitini na moja! Kamati ikapiga makofi.

"Pole, mama," Afisa alisema, akinyoosha mkono ayachukue. "Sayansi haina huruma."

"Yaache hapo hapo, baba."

"Kwa nini?"

Mama Mboji akaitazama karatasi iliyobandikwa ukutani. Mwaka jana alipitiwa, akaweka viatu vyake vya mpira juu ya mizani hiyo. Afisa akamsomea karatasi hiyo neno kwa neno, na viatu vikaenda na taka. Leo alisoma yeye.

"Kanuni ya nne. Chochote kilichopanda mizani hii ni taka, hakirudi kwa mwenyewe, na kitaandikwa kwa jina la mkusanya taka. Sahihi ni yako."

"Lakini hizo ni kazi zangu!"

"Na vile vilikuwa viatu vyangu."

Mwenyekiti aliisoma kanuni, akatazama bango, akatazama saa. Zilibaki dakika mbili. Akaandika: Mama Mboji, kilo sitini na moja. Afisa, sifuri.

Mama Mboji alishaanza kuchana ripoti ya kwanza. Shimo la mboji lilikuwa na maji mengi tangu wiki iliyopita. Lilihitaji kitu kikavu.

"Sasa mimi nifanye nini?" Afisa aliuliza.

"Koleo lile pale, baba. Ila usiliegemeze kwenye mizani."