Mkoba Mmoja, Ratili Kumi na Tano

5 Agosti 1957, Jumatatu

Habari kubwa! Chama chetu cha kahawa kinapeleka sampuli Dar es Salaam Ijumaa hii. Kwa ndege! Mnunuzi anataka kuionja Jumamosi asubuhi, haitakuwa tayari kabla ya Ijumaa, na basi lingefika Jumapili, tena kama springi hazijavunjika njiani. Katibu, Bwana Elieza, alituita ghalani akasema karani mmoja kati ya wawili ataipeleka. Wawili wenyewe ni mimi, karani wa mizani, na Dismasi, karani wa vitabu.

Dar es Salaam ndiko aliko Aikaeli. Anasomea uuguzi. Mwaka mzima namwandikia barua, na barua yake ya mwisho imenitoa jasho: karani mmoja wa bandarini amemposa, naye atampa jibu mwisho wa mwezi huu. Amesema kama nina neno, nikaliseme kwa mdomo wangu, barua zimetosha. Lakini msimu wa kahawa hakuna ruhusa. Ndege hii ndiyo pona yangu!

Ndege yenyewe ndogo. Imebaki nafasi ya mtu mmoja asiyezidi ratili mia moja arobaini na tano, na mkoba mmoja wa mkononi usiozidi ratili kumi na tano, wa kuingia chini ya kiti. Basi Bwana Elieza akaamua: aliye mwepesi ndiye aende. Akaniamuru nipime, kwa kuwa mizani ni yangu.

Mizani ni yangu! Dismasi alipopanda nilikanyaga pembe ya bamba la mizani kwa kidole gumba cha mguu, kidogo tu. Ratili mia moja arobaini na sita. Huyo ni Dismasi, ambaye suruali yake inashikiliwa na imani! Nilipopanda mimi nilishika kamba inayoning'inia kwenye boriti, nikajivuta kama mtu anayejinyoosha. Mia moja na arobaini. Bwana Elieza akaandika kwenye fomu. Dismasi aliitazama mizani, akanitazama mimi, akavuta suruali yake juu. Simpendi akinitazama hivyo.

Watu walipotoka nilijipima kwa haki. Mia moja hamsini na nane. Haidhuru. Uzito wangu umeshaandikwa, na kilichoandikwa hakipimwi tena. Nimempelekea Aikaeli telegramu: NAJA IJUMAA KWA NDEGE.

6 Agosti, Jumanne

Nilikusudia kufunga mpaka Ijumaa. Chai kavu tu. Nimeshindwa kabla ya saa nne asubuhi.

Habari imezagaa mlimani kote, na kwetu msafiri haachwi aondoke na njaa. Kwa shangazi Marta, ndizi na nyama. Kwa mzee wa kanisa, bakuli mbili za loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Kwa jirani, ndizi tena. Kukataa ni kuwatukana. Jioni mizani ilisema mia moja sitini na moja. Nimekata tamaa.

Na mizigo! Kila aliyenilisha alinipa cha kupeleka. Mkungu wa ndizi kwa mjukuu. Debe la maharage kwa shemeji. Kuku, mzima, mwenye hasira. Wote niliwaambia kwamba mkoba ni mmoja tu, ndiyo sheria. Walinielewa kwa nyuso za msibani.

Mwisho akaja Mama Aikaeli. Mama yake mwenyewe! Nilimwamkia shikamoo mara mbili. Alileta kibuyu kidogo cha maziwa mgando, akasema mwanawe hajayaonja mwaka mzima, na kwamba akiyaonja tu atajua yametoka kwao. Ratili tatu. Nikapiga hesabu ya suti yangu, viatu vyangu, na sampuli ya watu. Nikamwambia kibuyu hupasuka kikifika mawinguni, na rubani huwa anakikamata mlangoni. Akanitazama. Akasema, "Haya baba. Mambo ya eropleni mnayajua ninyi mliosoma." Akaondoka na kibuyu chake.

Najua nimefanya vibaya. Lakini nikitokea na suti ile, nani atakumbuka maziwa?

7 Agosti, Jumatano

Leo nimepata akili! Mkoba utapimwa. Koti halipimwi. Nani amewahi kuona koti juu ya mizani?

Mjomba Kaanaeli alirudi kutoka vita vya Burma na koti la jeshi, zito, linapita magoti. Nimeliazima, nikashuka nalo mjini, mtaa wa Kaloleni, kwa fundi Athumani wa cherehani. Nikamwomba anishonee mifuko kwa ndani. Akauliza mingapi. Kumi na mmoja. Aliweka chaki chini akauliza kama nahama.

Nikamwonyesha vitu. Viatu vya pili. Mashati matatu. Kioo. Mafuta ya nywele. Kitabu cha nyimbo. Picha yangu ndani ya fremu, ya kumpa Aikaeli. Na pasi ya mkaa. Athumani alipoiona pasi alikaa. Akataka kujua kama Dar es Salaam nzima hakuna pasi. Nilimweleza kwamba suti iliyokunjwa mkobani hutoka na makunyanzi, na mwanamume hamwendei mchumba kwa pasi ya kuazima. Akaitilia mfuko wa uzi mara mbili, katikati ya mgongo. Alisema ameshona makoti mengi ya harusi, ila hili ni la kwanza lenye jiko. Heshima imekwisha Kaloleni.

Mkobani nimebakiza sampuli na suti tu. Ratili kumi na moja! Unaning'inia kidoleni kama mkoba wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya.

8 Agosti, Alhamisi

Majaribio. Kutembea, naweza. Kukaa, pasi inaingia kwenye uti wa mgongo. Kuinama, sithubutu tena: niliokota kofia mbele ya duka, kioo kikavunjika, nami nikabaki chini. Waliniinua wanawake wawili waliotoka sokoni. Mmoja aliuliza ugonjwa huu umenianza lini.

Dismasi anasema kesho atakuja uwanjani kunisindikiza. Kwa nini? Na Mama Aikaeli atakuja, hajawahi kuona ndege ikiwa chini. Nina wasiwasi, na tumbo limejaa. Shangazi Marta ameniletea ndizi nyingine.

9 Agosti, Ijumaa

Nimekwisha.

Naandika haya nikiwa nyumbani kwangu, si Dar es Salaam.

Tulifika uwanja wa ndege wa Kisongo kwa lori la chama: Bwana Elieza, Dismasi, Mama Aikaeli, mimi na koti. Mama Aikaeli alikuja na kibuyu chake. Alisema huenda rubani akikiona atalegea. Mimi nilikuwa natiririka jasho, na abiria wengine walikuwa na mashati mepesi.

Karani wa uwanja anaitwa Shomari, mtu mwembamba mwenye kalamu sikioni. Alipima mkoba wangu, akanisifu. Laiti abiria wote wangekuwa hivi! Nikamtabasamia rubani. Kisha Shomari akanionyesha mizani kubwa, ndugu yake ile ya ghala letu, akasema nipande. Nikamwambia nimeshapimwa, asome fomu. Akasema fomu hairuki. "Mtu ndiye mzigo wa kwanza, bwana."

Nikapanda. Mkono wangu ukatafuta kamba wenyewe. Uwanjani hakuna kamba, kuna anga tu. Shomari akasogeza jiwe la mizani, akaongeza jingine, akaongeza tena. Mia moja tisini na mbili! Akanitazama miguu, akanitazama mikono, akasema kwa upole kwamba amepima robota za katani Tanga miaka tisa. Nikajua nimekutana na mtu wa kazi yangu. Akaniomba nivue koti.

Sijui niandikeje. Vitu vilitoka kimoja kimoja, vikapangwa mezani mbele ya watu. Viatu. Mashati. Picha yangu, nikicheka. Mzungu mmoja alishika pasi akaigeuza kuona kama ina mkaa. Mama Aikaeli alivifuata vyote kwa macho mpaka cha mwisho. Hakufoka. Alisema tu, "Kumbe pasi haipasuki mawinguni."

Afadhali angefoka.

Bila koti, mia moja sitini na mbili. Rubani akatikisa kichwa, akatazama saa yake. Bwana Elieza akamwambia Dismasi apande. Mia moja ishirini na moja. Bwana Elieza aliisoma mara mbili, kisha akanigeukia polepole. Mimi nikautazama Mlima Meru, ambao leo ulikuwa wazi kabisa.

Dismasi akachukua sampuli. Suti yangu ilipotolewa mkoba ukawa na nafasi, na Mama Aikaeli akampa kibuyu. Kikaingia chini ya kiti bila shida yoyote. Ndege ikaruka na maziwa. Mimi nikarudi garini na pasi mapajani.

12 Agosti, Jumatatu

Bwana Elieza ameita fundi aikague mizani. Haina kasoro. Hilo ndilo balaa lenyewe. Sasa wakulima wanaulizana kuhusu magunia yao niliyoyapima miaka sita. Naapa sijawahi kutia kidole kwenye kahawa ya mtu! Ni kweli tupu, na hakuna anayenisadiki.

Nimeondolewa kwenye mizani. Nachambua buni mbovu pamoja na akina mama. Wanauliza kama bado nina mfuko mmoja wa kuwakodisha. Nililia kidogo nyuma ya ghala, kisha kengele ikalia nikarudi kuchambua.

23 Agosti, Ijumaa

Barua ya Aikaeli! Niliifungua kwa meno.

Anasema alipopata telegramu aliomba ruhusa, akaazima gauni, akasimama uwanjani tangu saa sita. Akashuka Dismasi na kibuyu. Dismasi alimweleza yote: koti, mifuko, pasi. Hakuongeza chumvi, anasema, wala haikuhitajika. Akacheka mpaka watu wakageuka. Halafu akarudi bwenini akalia.

Hapa nanakili maneno yake. "Ungeshuka mikono mitupu, na shati ulilolalia, ningekubali pale pale." Yule wa bandarini bado hajajibiwa. Atajibiwa tarehe thelathini na moja, si zaidi, kwa sababu siku hiyo wazee wa kijana huyo wanakuja kuchukua jibu. "Panda basi lolote, Sadoki. Usibebe kitu. Njoo tu."

Nimeisoma mara nane. Nilibusu karatasi, nikaruka ruka chumbani. Ananitaka! Aikaeli ananitaka!

Na ruhusa ninayo! Bwana Elieza amenipa wiki tatu bila kuombwa, amesema ghala nalo lipumzike. Basi linaondoka kesho alfajiri, nafasi zipo, siku tatu tu niko kwake.

Usibebe kitu! Maskini, ananionea huruma. Hayo ni maneno ya adabu. Mwanamke gani anataka mume aliyekuja kama aliyeunguliwa nyumba? Tena nimekumbuka jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifikiria: basi halina mizani! Hakuna Shomari, hakuna rubani, kila kitu kinapanda juu ya keria!

Nilikwenda mbio kwa Aristides seremala nikaagiza sanduku la mvule, refu kama kitanda, lenye vyumba saba na kufuli mbili. Aristides alisema analo la zamani, naweza kuondoka nalo leo, ila lina mkwaruzo kwenye kifuniko. Mkwaruzo! Nimeliacha basi la kesho. Sanduku jipya litakuwa tayari tarehe tatu Septemba.

Aikaeli amenisubiri mwaka mzima. Siku chache hazitamshinda.