Ziwa Mbele ya Dirisha Langu

Jumanne, 1 Machi 1768
Kiti cha Bunge ni changu. Kilikuwa cha babu, kikawa cha baba, na wiki ijayo watu wa Addlecombe watanipa tena. Hapa kwetu mpiga kura ni mwanamume mwenye meko yake ndani ya mji, anayechemsha chungu chake mwenyewe. Vyungu karibu vyote ni vya wapangaji wangu. Mpinzani wangu, Sir Josiah Wrexby, ana vichache tu upande wa kanisani. Namhurumia.

Ila Josiah ana ziwa! Mimi nikifungua dirisha naona mtaa wa wapangaji na nguo zao za ndani kambani. Nimeamua. Nyumba zote chini, lichimbwe ziwa.

Jumatano, 2 Machi
Msimamizi wangu, Bwana Oddie, kaja anakohoa. Ati tungengoja uchaguzi upite. Nikamwambia akakohoe nje. Wapangaji watakaa kwenye mabanda yangu ya kondoo, ng'ambo ya kilima. Pana hewa safi. Fundi viatu Amos Tuckett akauliza mkewe atapikia wapi. Watu hawa hawana shukrani kabisa.

Jumatatu, 7 Machi
Tumefungulia kijito. Ziwa! Tayari lina bata wawili. Josiah kapita na farasi wake, kalitazama, kacheka mpaka kofia ikaanguka. Wivu tu.

Mezani mke wangu Lavinia akaniuliza, huku akikata nyama, wapiga kura wangu sasa wana meko wapi. Ng'ambo ya kilima, nikasema. Akauliza kama huko nako ni mjini.

Nikaacha kutafuna.

Jumanne, 8 Machi
Sijalala. Lakini akili ninayo! Sheria inataka meko mjini. Haikusema pawe pakavu. Nikaanza na Amos. Nikampakia kwenye mashua na jiko la makaa, chungu na kabichi, nikamsukuma hadi juu ya palipokuwa nyumba yake. Kabichi ikachemka. Nikapiga makofi! Kisha makaa yakatoboa mashua.

Amos katoka majini na chungu kichwani. "Mheshimiwa, baba yako alikuwa mjinga," akasema, "lakini alituachia mlango!" Nimemsamehe.

Jumatano, 9 Machi
Uchaguzi. Nimetoa mapipa ya bia na ng'ombe mzima. Wapangaji wamekula, wamekunywa, wakapanda jukwaani mmoja mmoja kutaja jina langu kwa sauti. Karani akamwuliza kila mmoja: chungu chako unakichemshia wapi?

"Bandani kwa kondoo, ng'ambo ya kilima. Mheshimiwa katuhamisha."

Kura imefutwa! Mwingine! Imefutwa! Na Amos, aliyeshiba nyama yangu, akawa anashangilia kila ikifutwa. Josiah kashinda kwa vyungu vyake vichache. Wakambeba juu juu wakizunguka ziwa langu. Nimelia nyuma ya pazia. Kiti cha babu!

Jumatatu, 14 Machi, Wickenford
Nimepona. Baba mkwe ana kiti kingine huku cha kunipa, na uchaguzi wao bado. Nao ni wa vyungu, na wenye vyungu wote ni wapangaji wake, watu watiifu sana. Safari hii sina wasiwasi hata kidogo. Nimepewa chumba cha mbele. Mji mzuri, ila nyumba zao zinaziba mto wote.

Nimemwandikia Bwana Oddie aje na watu na sururu.