Kiroba cha Chokaa Ndani ya Bajaji

Jamani, leo heshima yangu imebaki barabarani, kati ya Mikindani na Mtwara mjini.

Wengine mnanijua: mwalimu wa kemia, mtu wa Singida, huku nimeletwa na ajira. Wiki hii nafundisha aina za mmenyuko wa kikemia, na maabara yetu ina chupa nyingi zenye vibandiko na chache zenye kitu ndani. Nikajifanya mbunifu. Asubuhi nikaenda Mikindani kwa wachoma chokaa, nikaomba mabonge yaliyotoka tanuruni, yale ambayo hayajazimwa kwa maji. Jumatatu niyamwagie maji mbele ya darasa, yachemke bila moto, watoto wabaki midomo wazi. Nikayatia kwenye kiroba cha unga. (Chombo sahihi ni kopo kavu lenye kifuniko. Hilo nimewaandikisha wanafunzi kwa mkono wangu huu.)

Kwenye bajaji ya kurudi mjini nikamkuta Mama Zuhura. Amepakata ndoo ndogo ya samaki wenye barafu, na gunia lake la muhogo limejaa sakafuni. Zuhura ni mwanafunzi wangu wa Kidato cha Pili, ndiye anayeuliza maswali mpaka najiona mwalimu kweli. Nilishasikia mama yake anataka kumtoa sayansi ampeleke sanaa, na nimekuwa nikimtafuta nizungumze naye. Kumbe Mungu kaniwekea kiti pembeni yake. Nikakaa, nikapakata kiroba changu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Jumatatu n'nakuja shuleni. Zuhura simtaki kwenye hayo madawa yenu. Nasikia yanaunguza."

"Kemia haina hatari kwa mtu makini," nikasema. "Hata wewe nyumbani unaifanya kila siku."

Akanitazama kwa jicho la upande. Nikaanza. Mkaa ukiwaka jikoni, huo ni mwako. Jembe likiota kutu, chuma kimeungana na hewa na unyevu, huko ni kuungana. Jiwe likichomwa tanuruni linagawanyika, hewa inatoka, chokaa inabaki, huo ni mtengano. Na msumari ukiutia kwenye maji ya mrututu, ile dawa ya bluu yenye shaba ndani yake, chuma humfukuza shaba akakaa mahali pake.

"Hiyo naijua," akasema. "Ilimpata dada yangu. Kaenda Mahurunga kuvuna mpunga, karudi kakuta mwenzie yuko jikoni."

"Hiyohiyo, mama."

Dereva akacheka. Mama Zuhura naye akatabasamu, nikaona mtoto anabaki. Nikanogewa. (Ugonjwa wangu ni huo, nikipata msikilizaji sijui kufunga mdomo.)

Bajaji ikaingia shimoni. Maji ya barafu yakaruka kutoka kwenye ndoo, yakanimwagikia mapajani, kiroba na vyote.

"Samahani, mwalimu."

"Usijali, maji tu hayo," nikasema. (Maji tu. Mtu mwenye shahada ya kemia.)

Nikaendelea na somo. Nikafika kwenye mmenyuko unaotoa joto, na mapaja nayo yakaanza kupata joto. Nikawaza mabaya, kwamba mtu mzima nimejikojolea, nikaona aibu hata kutazama chini. Kisha ikasikika sauti ya kitu kinachochemka.

"Mwalimu," Mama Zuhura akasema taratibu, "mbona unafuka moshi?"

"Ni mvuke, mama, si moshi." (Naiva, lakini nasahihisha.)

"Nnungu wangu, huyu mtu anaungua," akasema, akanimwagia ndoo yote, maji, barafu na samaki.

Hapo kiroba kikachemka kweli. Nikapiga ukelele ambao sikujua ninao. Dereva akafunga breki, na kwa bahati yangu mbaya ilikuwa mbele ya kijiwe cha bodaboda kilichojaa watu. Nikaruka chini na kiroba changu, kikapasuka, nikawa mweupe kuanzia kiunoni. Suruali ilikuwa inazidi kupata moto, na ngozi ni yangu mwenyewe. Nikaivua. Palepale, mchana kweupe, na chupi yenyewe haikuwa ya kuonyesha wageni. Mwenye kibanda kimoja pale kijiweni akaleta dumu la maji, nikajimwagia mpaka joto likaisha. Mapaja yamekuwa mekundu kidogo tu. Kilichobabuka ni uso.

Mama Zuhura akajivua khanga yake ya juu, akanifunga kiunoni mwenyewe kama anavyomfunga mtoto. (Maandishi yake siyarudii hapa. Bodaboda waliyasoma kwa sauti, inatosha.) Mimi nilikuwa najua nimeshampoteza Zuhura. Nasema kweli, iliniuma kuliko hayo mapaja. Kidogo nilie.

Akaanza kuokota samaki wake, nami nikainama kumsaidia, kwa uangalifu mkubwa wa khanga. Alipomaliza akaniuliza:

"Sasa hii ya leo ni aina gani?"

"Ya kuungana, mama. Chokaa imeungana na maji, ikatoa joto."

"Kumbe." Akafunika ndoo. "Nimeelewa. Zuhura abaki hukohuko."

"Kweli, mama?"

"Ndiyo. Hiyo maabara inahitaji mtu mwenye akili ndani yake. Ila vitu kama hivi ashike yeye, wewe simama mbali useme."

Kwa hiyo Zuhura ni wa sayansi, na mimi nimelala kifudifudi naandika haya. Chekeni tu, sina nguvu ya kuwazuia. Ila mjue kwamba katika vipindi vyote nilivyowahi kufundisha, kilichoeleweka kuliko vyote ni cha leo, na nilikimaliza bila suruali.