Mkeka Wangu wa Mazishi na Ukurasa wa Telesia

Jumapili, tarehe 3 Machi

Mchungaji amesoma majina ya waliotoa sadaka. Faamanu, bibi mwenzangu, wa kwanza. Kama kila wiki! Baadaye, kwenye majimbi na tui, akanisogelea na kofia yake kubwa kama sufuria. Ati mjukuu wake kule Auckland ni wakala wa waandishi, na ukurasa wake mtandaoni una wafuasi elfu arobaini. Mjukuu wangu je, ana wangapi? Nikamwambia ale, chakula kinapoa.

Telesia wangu ana mia moja na kumi na wawili. Mimi nimo mara mbili. Naye ni wakala vilevile: anachukua miswada ya watu, anaitafutia wachapishaji. Mwaka mzima hajapata mwandishi hata mmoja wa kusaini naye. Sasa mchapishaji wa Wellington anautaka mswada wa mwalimu Aukuso, yule ambaye mkewe alichukuliwa na wimbi kubwa la tsunami. Aukuso amemtumia Telesia asome, lakini bado anasitasita. Asiposaini mwezi huu, Telesia anakwenda Australia kuchuma matunda.

Na mimi nibaki na nani? Na kuku?

Jumanne, tarehe 5 Machi

Telesia kaweka ukurasani picha ya kitabu kando ya kikombe cha chai. Jana kilikuwa kando ya ua. Nikamwuliza anatafuta waandishi au anauza vyombo. Akasema, "Bibi, waandishi wana woga. Lazima kwanza wakuamini." Woga! Aukuso ana kilo mia na ishirini.

Kesho anakwenda kisiwa cha Savaii kuzungumza na walimu. Simu ya kazi ananiachia, niwajibu watu salamu. Salamu tu. Kasema mara tatu, kama mimi ni mtoto.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Kanisa letu linajaa kwa nini? Kwa sababu majina yanasomwa! Hakuna anayetaka kusomwa wa mwisho.

Nikavaa nguo nyeupe na kofia. Nikaegemeza simu kwenye debe la biskuti, nikajirekodi nikisoma majina ya wote walioleta miswada. Fulani: kurasa mia tatu, hakuna kinachotokea. Fulani wa Savaii: kurasa arobaini, zote kuhusu uzuri wake mwenyewe, aone haya. Wa kwanza kwa heshima: mwalimu Aukuso. Nikasoma pale anapomwomba mkewe msamaha, kwamba bahari ilipokuwa inarudi nyuma alimtuma nyumbani akamchukulie miwani. Nikalia. Nikawaambia, huu ndio uandishi, wengine mjifunze.

Nikaiweka kwenye ukurasa wa Telesia; hadi jioni watazamaji elfu tisa. Faamanu kaona!

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Telesia amerudi kwa meli ya kwanza.

Ile habari ya miwani, Aukuso hakuwahi kumwambia mtu. Ndugu za mkewe wameisikia kwangu. Ameandika mstari mmoja: nirudishieni maneno yangu.

Nikasema nilimsifu. Telesia akafuta video, kisha akashusha begi la safari.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Begi limejaa nusu. Nimekaa nalo mchana kutwa. Nimetoa kabatini mkeka laini aliousuka mama yangu, ule wa kunizikia.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Alfajiri nilikwenda mbele ya nyumba ya Aukuso, nikapiga magoti, nikajifunika mkeka. Ifoga. Ndivyo mtu anavyoomba radhi kwetu, na mwenye nyumba akitaka anakuacha hapo hapo. Telesia alipiga magoti kando yangu. Sikumwomba.

Jua likapanda. Chini ya mkeka nilisikia wanaume wakikohoa kibarazani, ndugu za marehemu. Nilinusa mikono ya mama yangu kwenye ule mkeka. Nilifikiri juu ya miwani.

Aukuso akaja, akaufunua. "Inuka, Sieni. Ukifia mlangoni kwangu itabidi niandike kitabu kingine." Akasema shemeji zake walimwuliza habari ya miwani, akawajibu, na hawajaondoka.

Kwa Telesia atasaini. Jumatatu, saa nne. Sharti moja: mkono wangu usiguse ukurasa. Nikaapa juu ya mkeka. Begi limerudi juu ya kabati.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Faamanu wa kwanza tena. Kisha ananiambia, elfu arobaini na moja sasa.

Mimi niliapa mkono wangu. Pelenise jirani yangu hakuapa chochote, na jana alikuwa nyuma ya ua wa Aukuso na simu yake, kama tulivyopatana. Leo mkono wake ndio umebonyeza, kwenye ukurasa wa Telesia. Video nzuri! Chini ya mkeka naonekana mwembamba. Nimemwambia aandike: Waandishi, njooni kwetu, tukiwakosea tunapiga magoti.

Elfu kumi na mbili, na ibada ya jioni haijaanza. Aukuso anaonekana vizuri sana, na shemeji zake pia, wakilia.

Telesia huyo anaingia. Anauliza mbona simu yake hainyamazi. Mkeka bado uko kwenye kamba, haujakauka jasho.